Sultan Khan: Bingwa wa sataranji aliyeanza kwa kushika mkia

Wiki hii nawaomba radhi wale waliozoea kunisoma katika mambo ya mirathi na malezi ya ndoa. Leo nitazungumzia mchezo wa sataranji, na mtu mmoja aliyeucheza miaka mingi iliyopita. Sababu ninayo, na nitaianza kwa kujisuta mwenyewe.

Katika shule ninayofundisha kuna vijana wachache ambao hucheza sataranji baada ya swala ya Alasiri. Mimi ndiye mlezi wao. Si kwa sababu ni hodari, bali kwa sababu walimu wengine walisema hawana muda. Tulipokwenda kushindana na shule nyingine, kijana wetu mmoja wa kidato cha tatu alikuwa mbele kwa farasi mzima, na kila aliyesimama pale alijua kuwa mchezo umekwisha. Mpinzani wake alikuwa mtu wa vituko. Anatikisa mguu chini ya meza, anaguna, anagonga saa kwa nguvu. Yule kijana wetu akaanza kuharakisha, mkono ukawa unatetemeka, na ghafla akamweka malkia mahali pa kuliwa bure. Akashindwa. Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba michezo miwili iliyofuata alishindwa na watoto ambao shuleni angewapiga akiwa anakunywa chai.

Tukiwa kwenye daladala kurudi nikamwambia neno ambalo mpaka leo linanikaa kooni. Nilimwambia kuwa kichwa anacho, ila moyo wa mashindano hana, na moyo huo mtu huzaliwa nao. Niliyasema hayo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayetoa elimu. Wiki iliyofuata kijana hakuja mazoezini, wala iliyofuata.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za Mir Sultan Khan, Muislamu wa Punjab ambaye karibu miaka mia moja iliyopita alikwenda Uingereza na kuwashinda wachezaji wakubwa wa mchezo huu. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kuwa kosa langu ndilo walilolifanya waliomwandika yeye, ila wao walilifanya kwa upande wa pili. Mimi nilimwambia mtoto kuwa hakuzaliwa nacho. Wao walisema kuhusu Sultan Khan kuwa alizaliwa nacho tu, basi. Kauli zote mbili zinaondoa kitu kimoja: kazi.

Kabla sijaendelea, najua wapo watakaouliza hukumu ya mchezo wenyewe. Hitilafu ya wanazuoni katika sataranji ni ya zamani na inajulikana. Wengi katika madhehebu nyingine wamekwenda kwenye uharamu, na katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, kauli mashuhuri ni karaha, maadamu hakuna kamari, wala kupitishwa kwa swala, wala matusi. Mimi hapa sitoi fatwa. Anayeuepuka kwa kuchelea dini yake ana hoja, na anayeucheza kwa masharti hayo ana hoja pia. Nazungumzia maisha ya mtu.

Sultan Khan alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 huko Mittha Tiwana, katika Punjab ya Bara Hindi iliyokuwa chini ya Waingereza. Leo sehemu hiyo ni Pakistan. Baba yake ndiye aliyemfundisha sataranji alipokuwa na umri wa miaka kama tisa, na alipofika miaka 21 hivi alikuwa anahesabiwa kuwa mchezaji bora wa Punjab nzima.

Hapa ni lazima nisimame kidogo, kwa sababu mchezo aliojifunza si huu tunaoujua. Sataranji ya Kihindi ilikuwa na kanuni zake. Askari, yaani zile kete ndogo za mstari wa mbele, walisogea mraba mmoja tu hata katika hatua yao ya kwanza, ambapo katika sataranji ya Kizungu askari anaweza kuanza kwa kuruka miwili. Mfalme naye hakujificha nyuma ya ngome kwa namna ya Kizungu. Aliruhusiwa mara moja katika mchezo kuruka kama farasi. Na askari aliyefika mwisho wa ubao hakugeuka kuwa malkia tu kama mwenye kete apendavyo, bali alifuata mstari aliotokea.

Matokeo ya kanuni hizo ni kwamba mchezo ulikwenda polepole. Hakukuwa na mapigano ya hatua ya nne au ya tano. Majeshi yalipangwa kwa muda mrefu, kila mmoja akimvizia mwenzake, kama watu wawili wanaojenga kuta zao huku wakichunguliana. Mtu aliyekulia katika mchezo wa namna hii anazoea kukaa na jambo lisilo na majibu ya haraka. Haya ni maoni yangu, lakini naamini chuo cha kwanza cha Sultan Khan katika kuutuliza moyo kilikuwa hapo, kwenye ubao wa baba yake, na alisoma katika chuo hicho zaidi ya miaka kumi kabla Mzungu yeyote hajamsikia.

Sifa zake zilimfikia Sir Umar Hayat Khan, mwenye ardhi mkubwa na mwanajeshi wa Punjab aliyekuwa karibu sana na watawala wa Kiingereza. Bwana huyu alipenda sataranji. Akamchukua Sultan Khan, akamsimamia, na akaagiza afundishwe kanuni za Kizungu. Hiyo ilikuwa mwaka 1926 hivi. Mwaka 1928 yakafanyika mashindano ya Bara Hindi nzima. Sultan Khan alicheza michezo tisa, akashinda minane na kutoka suluhu mmoja.

Mwezi Aprili mwaka 1929 Sir Umar akaenda London naye. Sasa hapa ndipo simulizi nyingi zinapopita mbio kwenda kwenye ushindi, na mimi naomba tusipite mbio. Sir Umar aliandaa mashindano madogo ya mazoezi ili kijana wake apimwe na wachezaji wazuri wa Uingereza. Katika mashindano hayo Sultan Khan alishika mkia, akiwa sawa na mwenzake mmoja. Bingwa wa Bara Hindi nzima, aliyevushwa bahari kwa gharama kubwa, akiwa mbele ya bwana aliyemleta na wageni waalikwa, anashika mkia.

Tujiulize, ni wangapi kati yetu wangeamka kesho yake na kurudi kwenye ubao? Alikuwa ugenini, Kiingereza chake kilikuwa kidogo, hali ya hewa ilimtesa, na alikuwa amethibitishiwa mbele za watu kuwa ujuzi wake hautoshi. Kutoka hapo mtu huenda njia mbili. Ama anasema hawa wana mchezo wao na sisi tuna wetu, ama anauliza hasa ni kitu gani amekikosa.

Alichokikosa kilijulikana. Wachezaji wa Ulaya walikuwa na vitabu vya hatua za mwanzo. Walihifadhi njia nyingi za kuanzia mchezo, wakajua kila njia inaishia wapi, hata hatua kumi za kwanza walizicheza kwa kumbukumbu bila kutumia akili nyingi. Sultan Khan alizitafuta hatua zile zile peke yake, saa ikimhesabia, na mara nyingi alipomaliza kuzitafuta alikuwa tayari yuko pabaya. Basi wachezaji wawili waliokuwa wamemaliza juu yake katika mashindano yale ya mazoezi, William Winter na Frederick Yates, wakawa walimu wake. Yates alikuwa bingwa wa Uingereza wa mwaka uliotangulia. Kijana aliyekuwa bingwa wa nchi nzima alikaa chini ya waliomshinda akasoma, bila kuona haya.

Kiangazi hicho hicho, mjini Ramsgate, yakafanyika mashindano ya ubingwa wa Uingereza. Sultan Khan akayashinda. Ilikuwa ni miezi michache tu tangu ateremke kutoka melini. Magazeti yalishangaa, na tangu siku ile likazaliwa lile neno la muujiza wa kutoka Mashariki. Sioni muujiza hapo. Naona mtu aliyeshindwa mbele za watu na akakubali kufundishwa.

Mwezi Novemba alirudi nyumbani, na mwezi Mei mwaka 1930 akaja tena Ulaya. Mwaka huo alikuwa wa pili katika mashindano ya Liège nchini Ubelgiji, nyuma ya Savielly Tartakower. Kisha ukaja mkutano wa mataifa, Olimpiadi ya sataranji, mjini Hamburg. Timu ya Uingereza ikamweka kwenye ubao wa kwanza, yaani kiti cha mbele cha timu. Wasomaji wangu wa mjini wanaozijua habari za ukoloni hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Mtu wa nchi iliyotawaliwa ndiye aliyekaa kiti cha mbele kuitetea nchi iliyomtawala, na nyuma yake wamekaa wenye nchi. Alicheza michezo 17. Alishinda tisa, akatoka suluhu minne, akashindwa minne.

Mwisho wa mwaka huo kulikuwa na mashindano ya Hastings, mji ulio kusini mwa Uingereza, ambayo huchezwa kuvuka mwaka mpya. Kati ya waliokuja alikuwepo José Raúl Capablanca wa Cuba. Huyu ni mtu aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia mwaka 1921 hadi 1927, na ambaye kati ya mwaka 1916 na 1924 alipitisha miaka minane bila kupoteza hata mchezo mmoja wa mashindano. Wapinzani wengi walikuwa wanashindwa naye kabla hawajakaa. Jina tu lilitosha.

Sultan Khan alimshinda katika hatua 65. Nimeupanga mchezo ule kwenye ubao wangu mara nyingi, nikitafuta ile hatua moja ya ajabu ambayo watu hupenda kuihadithia. Haipo. Kuna kubana. Kuna kumnyima mpinzani nafasi, mraba mmoja leo, mraba mwingine kesho, bila papara, hata yule mkubwa akawa hana pa kupumua. Anayetaka kujua nguvu ya moyo katika sataranji ikoje aupange mchezo ule, kisha ajiulize katika hatua ya 30 au ya 40 kama yeye angeweza kujizuia asirukie ushindi. Kila mwenye uzoefu anajua kuwa mchezo mgumu kuliko yote ni ule unaoelekea kuushinda. Unapokuwa nyuma huna cha kupoteza. Ukiwa mbele, tena dhidi ya mtu mkubwa, mkono unataka kumaliza haraka ili hofu iishe. Hapo ndipo kijana wangu alipompoteza malkia.

Hastings alimaliza wa tatu, nyuma ya Max Euwe na Capablanca mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 1931 akapambana na Tartakower, yule aliyemtangulia Liège. Huyu alikuwa bahari ya vitabu, mtu aliyezijua njia za mwanzo wa mchezo kuliko karibu kila mtu wa zama zake. Walicheza michezo 12. Sultan Khan akashinda minne, akashindwa mitatu, mitano ikawa suluhu. Angalieni hesabu hiyo vizuri. Mtu aliyeshindwa mara tatu ndani ya pambano moja ndiye aliyelishinda pambano. Kila baada ya kushindwa alitakiwa kurudi kwenye kiti kile kile, mbele ya mtu yule yule aliyemshinda, na kucheza kana kwamba ule mchezo wa jana haujaingia naye chumbani.

Nadhani siri yake nyingine ilikuwa katika udhaifu wake wenyewe. Kwa kuwa hakuvijua vitabu, mara nyingi alianza katikati ya mchezo akiwa chini. Kwa mwingine hiyo ni balaa, kwake ilikuwa ndiyo hali ya kawaida. Mchezaji aliyelelewa kwa kushinda tu hupatwa na kiwewe siku anapojikuta pabaya, kwa sababu hajawahi kufika huko na hajui njia ya kutokea. Sultan Khan alikuwa mwenyeji wa pabaya. Waliocheza naye walisimulia kuwa uso wake haukuonyesha kitu, akishinda au akizidiwa, na wengine walichukulia hiyo kuwa ni tabia ya watu wa Mashariki. Mimi nachukulia kuwa ni mazoezi ya miaka.

Prague mwaka 1931, kwenye Olimpiadi nyingine, akiwa tena ubao wa kwanza, alicheza michezo 17 na safari hii akashindwa miwili tu. Alishinda minane na suluhu saba. Alimshinda Salo Flohr na akamshinda Akiba Rubinstein, na alipokutana na Alexander Alekhine, aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo, walitoka suluhu. Mwaka 1932 Flohr alilipiza. Walicheza pambano la michezo sita na Flohr akashinda kwa tofauti ya mchezo mmoja. Mwaka huo huo Sultan Khan alikuwa wa tatu pamoja na Isaac Kashdan katika mashindano makubwa ya London nyuma ya Alekhine na Flohr, kisha akautwaa tena ubingwa wa Uingereza. Mwaka 1933 akautwaa mara ya tatu.

Yote hayo aliyafanya akiwa mgonjwa. Malaria ilimfuata kutoka nyumbani, na huko akaongezewa mafua na maradhi ya koo. Baadhi ya siku alikuja ukumbini shingo imefungwa vitambaa. Sisi tunaoijua malaria tunajua maana ya kukaa saa nyingi na homa na kutakiwa kufikiri. Tena siku hizo mchezo usiokwisha uliahirishwa, ukaenda kulala nao kichwani, ukarudi kuumalizia. Sisemi hivi ili vijana wacheze wakiwa wagonjwa. Nasema ili ijulikane kuwa ule utulivu uliosifiwa haukutoka kwenye mwili wenye raha.

Na wala hakuwa peke yake katika nyumba ile. Mwaka huo wa 1933, hapo Hastings, ubingwa wa wanawake wa Uingereza ulichukuliwa na binti wa Kiislamu aliyeishi katika nyumba hiyo hiyo ya Sir Umar, aliyejulikana kwa jina la Miss Fatima. Alishinda michezo kumi, akatoka suluhu mmoja, hakushindwa hata mara moja. Habari zake zinahitaji makala yake.

Mwezi Desemba mwaka 1933 Sir Umar alirudi Bara Hindi na Sultan Khan akarudi naye. Mwaka 1935 alicheza pambano la michezo kumi na V. K. Khadilkar, akashinda tisa na kutoka suluhu mmoja. Baada ya hapo ulimwengu wa sataranji haukumwona tena. Ukitoa miezi aliyorudi nyumbani katikati, miaka yake ya Ulaya haifiki mitano.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike. Kwa miongo mingi vitabu vya Kizungu vimemweleza Sultan Khan kuwa mtumishi wa nyumbani asiyejua kusoma wala kuandika, mtu wa maumbile tu. Reuben Fine, mchezaji wa Marekani, aliandika baadaye kuwa mwaka 1933 timu yao ilialikwa chakula kwa Sir Umar mjini London, na wakakuta bingwa ndiye anayewahudumia mezani, nao wakaona haya. Wengi wameijenga picha nzima ya maisha yake juu ya sahani zile. Familia yake imekanusha. Mwaka 2020, kilipotoka kitabu kingine chenye kumwita mtumishi, mjukuu wake wa kike alijibu kwa maandishi kuwa babu yao alikuwa mtu wa ukoo wa viongozi wa dini na wenye ardhi, kwamba alijua kusoma, na kwamba hakuwa mtumishi wa mtu. Mimi nikiisoma habari ya chakula kile nakumbuka nyumba zetu. Mgeni akija, nani hubeba birika na bakuli la kunawia? Si kijana wa nyumba, hata awe na shahada tatu? Anayetoka katika desturi nyingine anaweza kuliona hilo na akaandika mtumwa.

Lakini hata tukiacha nasaba, kuna jambo baya zaidi katika simulizi ile. Ukisema mtu hakujua kitu, hakusoma kitu, na akawashinda mabingwa, umemsifu kwa mdomo na kumnyang'anya kwa mkono. Umemnyang'anya miaka ya ubao wa baba yake. Umemnyang'anya kukaa chini ya Winter na Yates. Umemnyang'anya ile asubuhi ya baada ya kushika mkia. Anabaki kama mti uliozaa bila kupandwa. Na kijana anayesoma simulizi hiyo atajitazama, ataona kuwa yeye hakuzaliwa na muujiza, na ataondoka. Mwalimu wake naye atamsaidia kuondoka, kama nilivyofanya mimi kwenye daladala.

Shirikisho la kimataifa la sataranji, FIDE, lilipotoa rasmi vyeo vya kwanza vya ugwiji mwaka 1950, Tartakower alipata, Flohr alipata, Rubinstein aliyekuwa ameacha kucheza zamani alipata, na Fine alipata. Hao wawili wa kwanza alipambana nao ana kwa ana, na Rubinstein alimshinda Prague. Sultan Khan alikuwa hai huko Sargodha, akilima. Hakupewa kitu. Wala haijulikani kuwa alikwenda kudai. Mtoto wake alisimulia kuwa baba hakutaka kuwafundisha sataranji, aliwaambia wafanye jambo lenye manufaa zaidi katika maisha yao. Wapo wanaoliona hilo kuwa ni uchungu wa mtu aliyedhulumiwa. Inawezekana. Ila mimi nimewaona wachezaji, hata hapa kwetu, ambao wakiukosa ushindi mmoja hawana maisha mengine, na najiuliza kama yule mtu aliyeweza kuuweka mchezo wa jana nje ya chumba hakuweza pia kuuweka ubao mzima nje ya nyumba yake. Alifariki Sargodha kwa maradhi ya kifua kikuu tarehe 25 Aprili 1966. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwezi Februari mwaka 2024, miaka 57 baada ya kifo chake, FIDE ikampa cheo cha ugwiji cha heshima.

Siku hizi mazoezini nimebadili mambo machache. Anayeshindwa haruhusiwi kuondoka kabla hajauandika mchezo wake wote na kuonyesha pale moyo ulipoanza kwenda mbio, si pale alipopoteza kete. Pale pana hatua mbili au tatu kabla. Tunaanza pia michezo mingine mmoja akiwa amepunguzwa kete makusudi, ili wazoee kukaa pabaya bila kutokwa jasho. Na ukishika kete kabla ya kuhesabu, unakalia mikono yako mpaka zamu inayofuata. Wanacheka, lakini wanafanya.

Yule kijana nilimfuata. Nilimkuta dukani kwa mjomba wake, nikamwambia mbele ya mjomba kuwa nilikosea na namwomba radhi. Aliona haya kuliko mimi. Jumatatu akaja. Nilitaka tuanze na mchezo wa Hastings, yeye akasema kwanza tupange ule wake aliompoteza malkia. Akazipanga kete bila kuuliza, akacheza hatua zote za pande mbili, mpaka akafika mahali akasimama na kusema ni hapa. Malkia alikuwa bado hajasogea.